Ewart Grogan: kutoka bonde la Ruzizi hadi trauti wa mto Gura

Jioni hewa ikiwa safi, mtu aliyesimama Kavimvira, kaskazini mwa Uvira, anaziona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1899 hapakuwa na taa hizo. Palikuwa na boma la Wajerumani, nalo liliitwa Usumbura, yaani jina lile lile la wenyeji likiwa limevishwa kiambishi U- cha Kiswahili mahali pa Bu-. Mwaka huo alipita hapo Mwingereza mmoja akitokea Ujiji kwa miguu, akashika bonde la Ruzizi kuelekea ziwa Kivu. Alikuwa na miaka 24, umri nilio nao mimi ninapoandika makala haya. Jina lake lilikuwa Ewart Scott Grogan.

Kwetu Uvira jina hilo halijulikani sana. Nairobi linajulikana hata kwa watu wasiojua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Grogan alizaliwa Uingereza tarehe 12 Desemba 1874, mtoto wa 14 kati ya watoto 21 wa baba mmoja. Shule ilimshinda kwa utundu, na chuo kikuu cha Cambridge kilimfukuza kabla hajapata shahada. Mwaka 1896 alikwenda kusini mwa Afrika kupigana upande wa wakoloni dhidi ya Wandebele. Kisha akasafiri hadi New Zealand, akampenda msichana aitwaye Gertrude Watt. Baba wa kambo wa Gertrude hakuona sababu ya kumwoza binti yake kwa kijana asiye na kazi wala cheo. Grogan akajitolea kufanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: kulivuka bara zima la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Cecil Rhodes wakati ule alikuwa anaota reli kutoka Cape hadi Cairo, na kijana huyu aliamua kuitembea njia hiyo kabla reli haijajengwa.

Aliondoka Beira mwaka 1898 pamoja na Arthur Sharp, mjomba wa Gertrude. Walipita ziwa Nyasa, wakafika Tanganyika, wakapumzika Ujiji, kisha wakapanda kaskazini. Bonde la Ruzizi walilolipita lilikuwa limechoka kwa vita, kwa sababu askari wa Kongo walioasi jeshi la mfalme Leopold walikuwa wakipigana na Wabelgiji katika nchi zetu za mashariki. Baada ya Kivu na milima ya volkano, Sharp alirudi kwao kupitia Uganda. Grogan aliendelea, akateseka katika vinamasi vya Nile, akafika Cairo mwaka 1900. Mwaka huo huo kitabu chao kilichapishwa, na Gertrude akaolewa.

Hapo lazima niseme jambo moja. Tunasema Grogan alitembea, na kweli alitembea. Lakini mahema, risasi, chakula na vitanda vilitembea juu ya vichwa vya wapagazi, na wengi wa watu hao hawana jina katika simulizi ya safari. Kuhusu Waafrika aliokutana nao njiani aliandika kwa dharau, na dharau hiyo hakuiacha baadaye.

Mwaka 1904 alihamia Kenya, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Kiingereza. Alichukua misitu, akachukua ardhi Nairobi na Mombasa. Mwaka 1905 alifanya jambo ambalo wavuvi wa burudani wanamkumbuka nalo mpaka leo: aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, ili vifaranga vyake viwekwe katika mto Gura, unaoshuka kwa kasi kutoka milima ya Nyandarua.

Kazi hiyo ilitaka uangalifu mkubwa. Trauti ni samaki wa maji baridi yanayokimbia juu ya mawe na kubeba hewa nyingi. Mayai yake husafirishwa yakiwa na unyevu na ubaridi muda wote. Yakipata joto, yanakufa. Katika Tanganyika yetu, ambayo maji yake ya juu huwa na nyuzi 24 na zaidi, samaki huyo hawezi kuishi. Kutoka Scotland mayai yalipaswa kuvuka Bahari ya Shamu, moja ya njia zenye joto kali duniani, kisha kupanda reli kutoka Mombasa, na mwisho kufikishwa milimani ambako reli haikufika. Yalifika, trauti wakazaana, na baadaye wakapelekwa katika mito mingine ya Nyandarua na ya mlima Kenya.

Mito hiyo ni midogo. Mahali pengi mtu anairuka kwa hatua chache, na mianzi inainama juu yake. Ndiyo maana mvuvi wa trauti husumbuliwa na suala la uzi kuliko suala la ndoano. Maji ni maangavu, samaki ni mwoga, na uzi mnene unamkimbiza. Uzi mwembamba mno nao unakatika kwenye jiwe au kwenye mzizi. Tena mvuvi hana nafasi ya kuurusha mbali: anahitaji uzi mwepesi, fimbo fupi, na kipande cha mbele kifupi kiasi, kisichonasa kwenye matawi, lakini chembamba cha kutosha kumlaza nzi wa bandia juu ya maji bila kishindo.

Enzi ya Grogan uzi wenyewe ulikuwa wa hariri iliyosukwa na kupakwa mafuta, na kila jioni ulipaswa kuanikwa usioze. Kipande cha mbele kilitokana na tezi za kiwavi wa hariri, zikivutwa zikawa uzi mmoja mgumu unaong'aa. Mvuvi alikiloweka kwanza, kwa maana kikiwa kikavu kilikatika kama majani makavu. Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, na baada ya vita vya pili vya dunia ikaiondoa hariri kila mahali. Uzi wa mvuvi wa Kalundu anayetafuta mgebuka, ambaye Burundi huitwa mukeke, unatokana na mageuzi hayo hayo. Naye hupima vile vile: hunyoosha uzi kwa mikono miwili, hutazama unene, hufikiria uzito wa samaki na weupe wa maji. Kiswahili cha pwani kina neno zuri kwa kitu hicho, mshipi, ambalo pia ni mkanda wa kiunoni.

Lakini trauti wa Gura hawakuletwa kwa ajili ya watu wa Gura. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki. Samaki yule aliletwa ili mlowezi apate mchezo wa kwao, na akalindwa kwa leseni. Mto wa watu ukapata mnyama mwenye mwenyewe.

Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Machi 1907, Grogan aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, vijana wa Kikuyu waliokuwa wakivuta riksho, akidai kuwa waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Wakati ule alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi. Alichagua mahali pale makusudi, ili serikali ione kwamba walowezi hawaisubiri sheria yake. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, na kifungo hicho hakikumpunguzia heshima mbele ya wenzake. Aliendelea kuwa tajiri na mwanasiasa, akaingia katika baraza la kutunga sheria, akajenga hoteli ya Torr's Nairobi, akalima mkonge Taveta. Gertrude alifariki mwaka 1943, na kwa ukumbusho wake Grogan alitoa ardhi iliyojengwa hospitali ya watoto ambayo bado inatibu Nairobi. Alikufa Cape Town mwaka 1967, akiwa na miaka 92, Kenya ikiwa huru tayari.

Nimejiuliza kwa nini mtu wa Uvira ajishughulishe naye. Jibu langu ni kwamba mtu huyu anatuzuia kusema kirahisi. Mikono iliyohangaikia mayai ya samaki yasipate joto ndiyo iliyoshika kiboko. Anayesimulia mayai peke yake anadanganya. Anayesimulia kiboko peke yake hataeleza kwa nini leo kuna Wakenya wanaofuga trauti na kuwauza. Maisha ya mtu kama huyu inatupasa kuyaandika yote, na kuyaandika kwa lugha ambayo wapagazi wake waliizungumza njiani, kwa maana wao hawakuachiwa nafasi ya kuyaandika.

Lugha yenyewe imeshafanya hukumu yake ya kimyakimya. Barabara ya Nairobi iliyoitwa Grogan Road sasa ni Kirinyaga Road, lakini wakazi wanaendelea kuita eneo lile Grogon. Ukimwambia fundi kwamba unakwenda Grogon, ataelewa kwamba gari lako limeharibika na unatafuta vipuri.