Johannes Rebmann: Miaka 29 Rabai

Tulipoombwa tuandike katika kitabu hiki cha jubilii maisha ya mtumishi mmoja wa zamani, tulimchagua Johannes Rebmann. Shuleni mwenzake Krapf ndiye hutajwa zaidi, naye Rebmann hukumbukwa kwa sababu ya mlima tu. Sisi tunataka kumtazama zaidi katika siku ambazo hakupanda mlima wowote, maana hizo ndizo zilizokuwa nyingi.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani. Alisomea umishenari Basel, Uswisi, kisha akatumwa na chama cha CMS cha Uingereza. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, kijana wa miaka 26. Krapf alikuwa amemtangulia kwa miaka miwili, na tayari alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga katika nchi hii. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wakapanda vilima vya Rabai kuanza kazi, wote wawili wakiwa na homa na punda mmoja kati yao. Wazee wa kaya walikuwa wamewakubali. Nyumba ikajengwa, nao wamishenari wenyewe wakishika kazi pamoja na mafundi.

Sasa fikirini juu ya Jumapili ya kwanza, na ya pili, na ya mia moja. Warabai, kama Wamijikenda wengine, walikuwa na juma la siku nne: siku tatu za shamba, na ya nne, jumwa, ya kupumzika. Juma la Rebmann lilikuwa la siku saba. Ukipiga hesabu utaona kwamba Jumapili na jumwa hukutana mara moja tu katika siku 28. Jumapili nyingine zote zilianguka siku ya jembe. Kwa hiyo mtu aliyekuja ibadani alikuwa ameacha palizi yake, na asiyekuja hakuwa mkaidi, alikuwa kazini. Wengine waliuliza watapewa nini wakija. Rebmann akaona heri awafuate watu mashambani na majumbani, akikaa nao, akiuliza maneno na kuyaandika. Hivyo juma lake likawa kufundisha watoto wachache, kutembelea watu, kuandika kamusi, kuugua homa, na kuanza tena.

Aliyeamini kwanza hakuwa mzee wa kaya wala tajiri. Alikuwa Mringe, mlemavu maskini, akabatizwa karibu na kufa kwake.

Mlima nao tusiuruke. Mwaka 1848 Rebmann alisafiri kwenda nchi ya Wachaga pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri na wapagazi wachache. Hakubeba silaha, alikuwa na mwavuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Alipouliza ni nini, kiongozi hakuwa na jina lake ila kusema ni baridi. Rebmann alitambua kuwa ni theluji, akaketi, akafungua Biblia, na macho yake yakaangukia Zaburi ya 111. Habari hizo zilipochapishwa London mwaka uliofuata, msomi mmoja, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alimcheka hadharani kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Kicheko hicho kilidumu zaidi ya miaka kumi, hadi msafara wa von der Decken ulipothibitisha maneno ya Rebmann mwanzoni mwa miaka ya 1860. Yeye wakati huo alikuwa Rabai na kamusi zake.

Safari iliyomuumiza zaidi ilikuwa ya 1849. Alikusudia kupita Machame hadi Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga akamchukulia bidhaa zake karibu zote, akarudi mikono mitupu. Baada ya hapo moyo wake ulituama. Krapf alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo vya misheni kuvuka Afrika yote. Rebmann aliona bora kukaa mahali pamoja hadi watu wamjue. Hawakukubaliana, na ni vigumu kwetu kusema nani alikosea. Krapf aliondoka 1853 kwa sababu ya afya, na Rebmann akabaki.

Mwaka 1851 alikuwa amemwoa Emma Tyler huko Cairo. Mtoto waliyejaliwa hakuishi. Emma alifanya kazi pamoja naye miaka 15, akafariki 1866, akazikwa Rabai. Rebmann hakurudi kwao hata baada ya hapo. Kutoka kwa Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa, alikuwa amejifunza lugha ya huko neno kwa neno, akaiandikia kamusi, ingawa nchi yenyewe hakuifikia kamwe.

Kuna waliomlaumu kwamba alikuwa mpole mno na mzito wa kuchapisha kazi zake, na lawama hiyo ina ukweli. Sir Bartle Frere alipomtembelea 1873 alimkuta karibu kipofu, na waumini wake ni wa kuhesabika kwa vidole. Sisi wanakwaya tunaojua mazoezi ya jioni yenye mvua, watu wanne wakiimba sauti mbili, tunaweza kuelewa kidogo alivyoishi.

Lakini miongoni mwa hao wachache alikuwamo Abe Gunja na mwanawe, Isaac Nyondo. Mwaka 1875, mwaka ambao CMS ilileta nguvu mpya na kuanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru huko Frere Town, Rebmann aliondoka pwani, haoni tena. Nyondo ndiye aliyesafiri naye hadi Ulaya, akiwa macho yake. Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi aliyoandika na Salimini ilichapishwa mwaka uliofuata. Nyumba yake bado imesimama Rabai, karibu na kanisa, na ukienda utaonyeshwa.