KIM PERROT: Namba 10 mfupi aliyeingia kwa majaribio, akaondoka na mataji

Mwaka 1986 unajulikana Rungwe nzima. Ndiyo mwaka ambao Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa baridi, mvua na migomba, ilipanda ligi kuu ya wakati huo na kubeba ubingwa wa Tanzania Bara kwenye msimu wake wa kwanza, vigogo wa Kariakoo wakibaki kushangaa. Haikukaa sana juu. Lakini hadi leo mzee wa Tukuyu akianza kuisimulia timu ile, chai inapoa mezani.

Mwaka huohuo, mbali kabisa na Mlima Rungwe, binti wa miaka 19 alikuwa anaanza kuichezea timu ya chuo cha nyumbani kwao Lafayette, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Huko nako ni nchi ya mpunga, kama ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela. Mchezo wake ulikuwa kikapu na jina lake Kim Perrot. Shabiki wa soka asifungue ukurasa mwingine kwanza, maana habari ya dada huyu anaijua tayari kwa sura nyingine: mdogo, hakuna aliyempigia hesabu, akafika kileleni kwa kasi, na timu aliyofika nayo leo haipo.

Perrot alizaliwa Januari 18, 1967. Urefu wake ulikuwa sentimita 165 hivi, ambao kwenye soka si tatizo, Maradona alikuwa humohumo na dunia nzima ilimpigia saluti. Kwenye kikapu ni kesi nyingine. Huko mtu wa sentimita 180 anaitwa wa kawaida, na mfupi akitaka kubaki uwanjani lazima awe na kitu ambacho warefu hawana. Perrot alikuwa na viwili: kasi, na ujeuri wa kutoogopa kugongwa.

Chuoni alikuwa mfungaji. Tena mfungaji haswa. Msimu wake wa mwisho, ulioishia 1990, alimaliza kinara wa ufungaji kwa wanawake wa vyuo vya Marekani nzima akiwa na wastani wa pointi 30 kwa mechi, na kuna mechi moja alitupia 58 peke yake. Kwa lugha ya kwetu, hiyo ni kama straika kufunga mabao matano halafu kuomba mpira aendelee.

Tatizo ni kwamba mwaka 1990 Marekani haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake ya kueleweka. Ukimaliza chuo, unachagua: utafute kazi nyingine au ukakipige nje. Perrot akapanda ndege. Miaka kama sita alizunguka nje ya nchi yake, zikiwemo Sweden, Ujerumani na Israel, akicheza kwenye kumbi ambazo nyumbani kwao hakuna aliyezisikia. Hakuna kamera wala mkataba wa viatu. Wachezaji wetu waliowahi kwenda kutafuta riziki Oman au Msumbiji zama zile wanaijua hali hiyo.

Mwaka 1997 mambo yakabadilika. Ligi ya wanawake, WNBA, ilianzishwa ikiwa na timu nane, moja ikiwa Houston Comets ya Texas. Nyota wakagawanywa, wengine wakachaguliwa kwenye drafti, ule utaratibu wa Wamarekani wa timu kupokezana kuchagua wachezaji wapya. Houston ikapata majina mazito: Sheryl Swoopes, Cynthia Cooper na Tina Thompson, aliyekuwa chaguo la kwanza kabisa la drafti ya vyuo. Jina la Kim Perrot halikuchaguliwa na mtu yeyote. Akiwa na miaka 30, umri ambao wengine wanaanza kufikiria kustaafu, aliingia Houston kwa mlango wa majaribio, akipigania nafasi pamoja na wasiojulikana wenzake.

Kocha Van Chancellor alikuwa na wafungaji wa kutosha. Alichokosa ni mtu wa kuwagawia mpira. Hapo ndipo Perrot alipoonesha akili. Yule binti wa pointi 58 alikubali kuacha kufunga na kuwa mchezeshaji, kama straika anayerudishwa dimba la kati na asinune. Alipandisha mpira, akapanga mashambulizi, akawatafuta Cooper na Thompson, na mpira ulipopotea alikuwa wa kwanza kumkimbilia mpinzani kuupora. Mgongoni alivaa namba 10, na kwa kazi aliyoifanya hakuna shabiki wa soka atakayebisha.

Kuupora mpira ndiko kulikompa jina. Mpinzani mwenye mpira alikuwa hapati nafasi ya kupumua, anabanwa tangu upande wake mwenyewe wa uwanja hadi anakosea. Mwaka 1998 alishika nafasi ya pili kwenye kura za beki bora wa ligi nzima, nyuma ya Teresa Weatherspoon wa New York Liberty. Shabiki alishike jina hilo la Weatherspoon, litarudi.

Msimu wa kwanza Swoopes alianzia nje, alijifungua Juni na kurejea Agosti. Timu haikuyumba. Agosti 30, 1997 Houston iliifunga New York 65-51 kwenye fainali ya mechi moja, na Perrot, mtu wa majaribio, akawa bingwa wa kwanza wa ligi hiyo akiwa kikosi cha kwanza.

Mwaka uliofuata ndio wenye utamu wenyewe. Houston ilishinda mechi 27 kati ya 30, yaani ilipoteza tatu tu. Kwenye fainali, safari hii za mechi tatu, ilianza kwa kuchapwa na Phoenix Mercury 54-51 ugenini. Mechi ya pili, nyumbani, ikafika hadi muda wa nyongeza kabla Houston haijatoka na 74-69. Ya tatu wakamaliza kazi kwa 80-71. Taji la pili. Magazeti yaliwaandika zaidi Cooper, Swoopes na Thompson, na ni haki yao, ila timu ya nyota watatu bila mtu wa kuwalisha ni vurugu tupu. Hapa kwetu tumeshaona vikosi vya mamilioni vikikwama kwa kukosa kiungo mmoja tu.

Februari 1999 Perrot aliambiwa ana saratani ya mapafu. Ilikuwa imeshafika kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa, na baada ya hapo akafanya uamuzi ambao hadi leo watu wanaujadili: hakutaka kuendelea na tiba kali za hospitali, akavuka mpaka kwenda Tijuana, Mexico, kufuata tiba mbadala. Ni rahisi kumlaumu mtu ukiwa mzima. Familia nyingi huku kwetu zimewahi kukaa usiku kucha zikibishana jambo hilohilo, hospitali ya rufaa au dawa za mitishamba, huku mgonjwa akisikiliza kutoka chumba cha pili. Perrot alichagua mwenyewe, akiwa na akili zake timamu na imani yake.

Mwezi huohuo wa Februari, Cynthia Cooper alimzika mama yake, aliyekufa kwa saratani ya matiti. Cooper na Perrot walikuwa marafiki wa damu. Kwa hiyo mchezaji bora wa ligi aliingia msimu wa 1999 akiwa ametoka msibani, na huku anamuuguza rafiki. Nafasi ya Perrot uwanjani alipewa Sonja Henning. Houston iliendelea kushinda, mechi 26 kati ya 32, na kaulimbiu ya mashabiki msimu ule ilikuwa taji la tatu liende kwa Kim.

Hakulisubiri. Agosti 19, 1999 alifariki katika hospitali ya saratani ya M. D. Anderson, hapohapo Houston. Alikuwa na miaka 32. Tangu aambiwe ugonjwa wake haikufika hata miezi saba. Msimu wa kawaida ulikuwa umebakiza siku mbili tu, na mechi za kuwania ubingwa zilikuwa mlangoni.

Houston ikafika fainali tena, mpinzani New York tena. Ikashinda mechi ya kwanza ugenini. Ya pili, Septemba 4, ilikuwa nyumbani, watu zaidi ya 16,000 ukumbini, na kila mmoja alikuja kumuaga Kim kwa kombe. Zikiwa zimebaki sekunde mbili na ushee, Houston iko mbele 67-65. Karatasi za rangirangi zilishaanza kudondoka kutoka darini. Weatherspoon, yuleyule aliyempita Perrot kwenye kura za beki bora, akapokea mpira, akapiga hatua chache, akaurusha akiwa bado upande wake wa uwanja. Ukaingia. 68-67. Ukumbi mzima ukawa kama umezimwa swichi, watu wamesimama na karatasi za sherehe kichwani, sherehe yenyewe hakuna.

Kwa timu iliyotoka kumzika mwenzao wiki mbili nyuma, pigo la namna ile lingetosha kuwamaliza. Mechi ya tatu ilichezwa kesho yake tu, hakukuwa na muda wa kulia. Houston ilibana kama Perrot alivyokuwa anabana, New York ikaishia pointi 47 kwa mechi nzima. Houston 59. Taji la tatu mfululizo, na la nne likafuata mwaka 2000.

Namba 10 ilistaafishwa, hakuna mchezaji mwingine wa Comets aliyeivaa. Ligi nayo ikaipa tuzo yake ya mchezaji mwenye uungwana jina la Kim Perrot, na kwenye hospitali alikofia kuna sehemu inaitwa Kim's Place, ambako vijana wanaougua saratani wanapumzika na kucheza kati ya dozi na dozi.

Timu yenyewe haikudumu. Desemba 2008 Houston Comets, mabingwa wa miaka minne ya kwanza ya ligi, ilifungwa baada ya kukosa mnunuzi. Ukumbi ule wa Septemba 4 umeshageuzwa kanisa, ndilo lile la mhubiri Joel Osteen ambalo wengi huliona kwenye televisheni za dini. Mahali Weatherspoon alipomtungulia Houston pana viti vya waumini. Na kila mwaka ligi ikigawa tuzo zake, bado linasomwa jina la mchezaji ambaye drafti zote zilimruka, na waliolibeba, wakiwemo Sue Bird na Sylvia Fowles, ni watu ambao kwa ukubwa wa majina wangemuacha mbali sana siku ile ya majaribio.