Edel Quinn: Mlei aliyeikosa nyumba ya watawa, akazunguka Afrika Mashariki

Katika eneo la Suna, Migori, jina Legio Maria si geni kwa mtu yeyote. Waumini wa kanisa hilo, wenye kanzu za rangi mbalimbali, humiminika katika kaunti hiyo kuhiji Got Kwer, alikozikwa mwanzilishi wao Simeo Ondeto mwaka 1991. Wasiojulikana na wengi ni walei Wakatoliki waliolitangulia jina hilo, na mwanamke aliyelifikisha Afrika Mashariki.

Edel Quinn alizaliwa Septemba 14, 1907, Kanturk, kusini mwa Ireland. Tangu ujana alitamani jambo moja tu: kuingia utawa wa Masista Waklara, ambao huishi ndani ya kuta za monasteri maisha yao yote. Alifanya kazi ya ukatibu mjini Dublin ili kuisaidia familia yake, na hata mwajiri wake alipomposa, alikataa.

Mwaka 1932, alipokuwa akijiandaa kujiunga na monasteri ya Belfast, madaktari waligundua kuwa ana kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kuuponya. Alilazwa yapata miezi 18, na mlango wa utawa ukafungwa.

Hakurudi nyumbani kungoja kifo. Alirejea katika Legio ya Maria, chama cha walei kilichoanzishwa na Frank Duff mjini Dublin mwaka 1921. Wanachama wake hawaweki nadhiri za watawa wala hawaachi kazi na jamaa zao. Hukutana kila wiki katika kikundi kidogo, husali rozari, hupewa kazi ya kuwatembelea wagonjwa na waliokata tamaa, kisha hurudi kutoa taarifa.

Mwaka 1936 chama kilitafuta mjumbe wa kwenda Afrika Mashariki. Wapo waliopinga kumtuma mgonjwa katika safari ya namna hiyo, lakini mwenyewe alisisitiza. Novemba mwaka huo alitua Mombasa, akafanya Nairobi kuwa makao yake.

Kwa miaka iliyofuata, binti huyo dhaifu wa mwili alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, Nyasaland na kisiwa cha Mauritius, mara nyingi kwa gari kuukuu katika barabara za vumbi na matope. Alianzisha vikundi kwa mamia. Sala zilitafsiriwa katika lugha za wenyeji, na Waafrika wakakabidhiwa uenyekiti, ukatibu na uweka hazina. Katika enzi ya ukoloni, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1941 nguvu zilimwishia, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Alirudi Nairobi mwaka 1943 na kuendelea na kazi. Alifariki dunia humo Mei 12, 1944, akiwa na umri wa miaka 36, na akazikwa katika makaburi ya wamishonari.

Mbegu aliyoipanda ilienea kupita alikofika yeye. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wakatoliki wa Nyanza Kusini, ambako Legio ilikuwa imekita mizizi, walijitenga chini ya Ondeto na Gaudencia Aoko, wakaunda kanisa lao lenye makasisi na papa wake. Walichukua jina la chama cha walei, pamoja na ari yake ya sala. Wenzao wengine walibaki parokiani, nao hukutana kila wiki hadi leo.

Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Edel Quinn kuwa Mtumishi Mheshimiwa wa Mungu, hatua moja kabla ya kuitwa mwenye heri. Nadhiri za monasteri hakuzipata. Lakini yeyote anayedhani kwamba bila vazi la utawa hana nafasi katika utume, kaburi lake Nairobi linamjibu.