Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyeimba madhila ya wanyonge

Siti binti Saad alipoaga dunia Julai 8, 1950, akiwa na umri wa takriban miaka 70, Unguja ilimpoteza bibi ambaye wazazi wake walikuwa wamempa jina la Mtumwa.

Jina hilo halikuwa la mzaha. Alizaliwa karibu mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mnamo 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa ungali halali kisiwani hadi ulipopigwa marufuku mwaka wa 1897. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua. Walikuwa watu wa jembe na udongo, wasio na mali wala nasaba ya kujivunia.

Binti huyo hakupata kisomo. Alichojifunza ni kufinyanga, kazi ya mama yake, kisha kujitwika vyungu na kwenda kwa miguu kuvinadi mitaani. Yasemekana wanunuzi walimtambua kwa sauti kabla ya kumwona.

Mnamo 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka wa 1905, ambaye alimfunza kuimba kwa kufuata ala. Ni vyema kukumbuka taarab ilikuwa nini siku hizo. Ilikuwa burudani ya jumba la mfalme tangu enzi ya Sultan Barghash, ikiimbwa kwa Kiarabu, na waliotamba humo walikuwa wanaume. Mwanamke wa shamba, mzao wa watumwa, kusimama mbele ya wapiga udi na fidla na kuimba Kiswahili lilikuwa jambo la kuwashangaza wengi, na kuwaudhi baadhi.

Waliochukizwa hawakunyamaza. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumsimanga, wakimkumbusha kwamba alifika mjini akiwa fukara na kwamba hakujaliwa sura wala ukoo, ila sauti tu. Siti hakukimbilia matusi. Alijibu kwa wimbo wake mwenyewe, akiweka akili na tabia njema mbele ya urembo na nasaba. Kufikia wakati huo watu walikuwa wameliacha jina la Mtumwa na kumwita Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Akiwa na wenzake, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam, alialikwa katika karamu za wakwasi na kwenye kasri la Sultan. Hata hivyo, nyumba yake mtaani Ng'ambo, makao ya vibarua na mafukara, ndiyo iliyokuwa kitovu cha sanaa yake. Jirani walikusanyika humo usiku, na yaliyozungumzwa barazani mchana yakageuka nyimbo.

Wimbo unaotajwa zaidi ni ule wa Kijiti. Mwanamke mjamzito aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam alitoka usiku na wenyeji wake kwenda ngomani, akanajisiwa na kuuawa na mwanamume aliyejulikana kwa jina hilo. Mshukiwa alivuka bahari na kutokomea bara. Walioishia kuadhibiwa ni wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi, kwa kosa la kuhusika na pombe ya usiku huo. Siti aliusimulia mkasa huo hatua kwa hatua bila kuwaficha wenye mamlaka, na hapa ndipo thamani yake inapoonekana kuliko katika umaarufu wa karamuni. Mwanamke asiyejua kuandika alihifadhi ushahidi ambao korti iliupuuza.

Machi 1928 yeye na kikundi chake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Santuri hizo zilienea pwani yote na hata bara, zikisikilizwa katika mikahawa yenye gramafoni na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja. Kiswahili cha Ng'ambo kikawa kinasikika mbali na Ng'ambo.

Uzeeni, muda mfupi kabla ya kufariki, alimsimulia maisha yake mshairi Shaaban Robert. Simulizi hizo zilizaa kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho hadi leo huhesabiwa miongoni mwa wasifu muhimu zaidi katika fasihi ya Kiswahili. Chama cha wanahabari wanawake cha Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti.

Nyimbo zake nazo zilipata mrithi. Fatuma binti Baraka, maarufu kama Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, aliendelea kuziimba majukwaani, ndani na nje ya Afrika, karibu hadi kifo chake Aprili 17, 2013.