Grace Hopper, mama aliyetaka kompyuta iongee lugha ya watu

Kama unaandika programu, kuna mama mmoja unafaa kumjua. Grace Hopper alizaliwa New York, Desemba 9, 1906. Akiwa na miaka 7 alifungua saa za kengele 7 pale kwao, moja baada ya nyingine, ati ajue zinafanyaje kazi. Mamake alipogundua, hakumchapa. Alimwachia moja tu ya kuchezea.

Mwaka 1934 alipata uzamifu wa hisabati kutoka Yale. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, akataka kuingia jeshi la wanamaji la Marekani. Akaambiwa umri umesonga, tena ni mwembamba sana. Wapi! Aling'ang'ana hadi 1943 wakamkubali, kisha 1944 akatumwa Harvard kwenye Mark I, kompyuta yenye urefu wa mita 15 hivi.

Huko Harvard, kila kilichotokea kwenye mtambo kiliandikwa kwa daftari. Septemba 9, 1947, Mark II ilikwama. Kucheki ndani, wakapata nondo, yule mdudu wa kupenda taa, amenaswa kwenye swichi. Wakambandika kwa selotepu kwenye ukurasa wa siku hiyo. Si Hopper aliyemtoa, lakini ndiye aliyeisambaza hiyo stori. Daftari lenyewe bado limehifadhiwa na Smithsonian, na nondo wake. Hiyo ndiyo logi: mtu akisoma, anajua shida ilikuwa wapi.

Mwaka 1952 alitengeneza A-0, mojawapo ya kompaila za kwanza kabisa. Wengi walimpuuza, wakishikilia kwamba kompyuta ni ya kupiga hesabu tu. Yeye akaendelea, akaunda FLOW-MATIC, lugha ya programu inayotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza. Kutoka hapo ikazaliwa COBOL mwaka 1959, na kuna benki zinaitumia hadi leo.

Sasa fungua logi za siku hizi. Kwenye C#, ukiwa na orodha ya wateja na nyingine ya malipo, halafu uchapishe jina la klasi kwa Name, zote mbili zinatoka List`1. Saa nane usiku mfumo umelala, bosi anapiga simu, na hujui ni orodha gani imeleta noma. Ukijaribu FullName, unapata jina refu kama treni, limejaa namba za toleo. Dawa ni mistari michache ya kodi: kata hiyo alama na namba yake, weka aina iliyo ndani, itoke List<Mteja>. Mashine haijali jina. Anayejali ni msee atakayesoma.

Hopper alistaafu 1986 akiwa admeri wa miaka 79, akafariki Januari 1, 1992. Maisha yake yote ya kazi alipigania kitu kimoja: mashine ndiyo ijisumbue kumwelewa mtu, si mtu kuisumbukia mashine.