Tom Mboya: Mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mwanasiasa

WAKENYA wengi humkumbuka Tom Mboya kama waziri shupavu aliyeuawa kwa risasi katikati ya jiji la Nairobi. Wachache wanafahamu kwamba kazi yake ya kwanza haikuwa ya jukwaani. Alikuwa mkaguzi wa afya, aliyeajiriwa kuwakinga wakazi wa jiji dhidi ya maziwa machafu, nyama mbovu na mitaro iliyoziba. Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka katika harakati za wafanyakazi.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake alikuwa mfanyakazi. Asili ya jamaa yake ilikuwa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Alisomea Kabaa, Yala na Mang'u, lakini karo ilipokosekana ilimbidi atafute mafunzo yasiyomlemea mzazi. Mwaka 1948 alijiunga na chuo cha wakaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete. Alihitimu mwaka 1950 na mwaka uliofuata akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi.

Makao yake yalikuwa mtaa wa Ziwani, Eastlands. Upande huo wa jiji ndiko wakoloni walikowatengea Waafrika makao: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na nyumba za reli za Muthurwa. Wengi walisongamana vyumbani na kutumia vyoo na mifereji ya pamoja. Penye msongamano wa aina hiyo, kifua kikuu na maradhi ya kuhara huenea upesi. Kwa hivyo kanuni za afya hazikuwa maandishi ya ofisini tu. Zilihusu uhai wa watu.

Hata hivyo, mkaguzi Mwafrika hakuthaminiwa. Mshahara wake ulikuwa takriban sehemu moja kwa tano ya ule wa Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo. Katika kitabu chake, Freedom and After, kilichochapishwa mwaka 1963, Mboya alisimulia kisa cha mwanamke Mzungu aliyeleta chupa ya maziwa ili yapimwe. Mama huyo alimkuta Mboya peke yake katika maabara, lakini akauliza iwapo hapakuwa na mtu humo ndani.

Kisa hicho kilikuwa zaidi ya tusi. Vijidudu vilivyomo ndani ya maziwa havibagui anayeyanywa, wala kipimo hakibadiliki kwa rangi ya mkono unaokishika. Mkaguzi anapodharauliwa, anayehatarishwa ni mnywaji.

Mboya aliamua kuitafuta heshima hiyo kwa njia ya umoja. Alikiongoza chama cha watumishi Waafrika wa halmashauri hadi kikawa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka uliofuata, msako wa Operesheni Anvil uliikumba Eastlands na maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Wakati huo vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, na shirikisho likawa mojawapo ya sauti chache zilizosalia za kuwatetea wananchi.

Mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford. Aliporudi, alichaguliwa mwaka 1957 kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Akiwa Waziri wa Leba mwaka 1962, alisimamia mkataba uliowaleta pamoja serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, ili migogoro ya kazini isuluhishwe kwa mazungumzo.

Julai 5, 1969, akitoka katika duka la dawa, alipigwa risasi na kufa akiwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.

Hatari za kazini zimebadilika sura tangu enzi zake. Mwale wa leza unaokata chuma au kuchora mbao waweza kuharibu jicho kwa muda mfupi kuliko kupepesa, na kidonda hicho huenda kisipone kamwe. Viwango vya kimataifa huigawa mitambo ya leza kwa madaraja, kuanzia la kwanza hadi la nne. Mwale wa daraja la nne huunguza ngozi na waweza kuwasha moto; hata mng'ao wake ukutani ni hatari. Dawa yake ya kwanza ni kuufungia mwale ndani ya mashine. Miwani hufuata, nayo sharti ilingane na aina ya mwale unaotumika.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri azitathmini hatari na ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila malipo. Lakini sheria haijisimamii. Huhitaji mkaguzi ambaye neno lake linatiiwa, na mfanyakazi anayeweza kuisimamisha mashine mbovu bila kuhofia kufutwa. Mambo hayo mawili ndiyo Mboya aliyapigania tangu alipokuwa kijana wa Ziwani, miaka mingi kabla ya kupewa uwaziri.