Salimuzzaman Siddiqui na Siri ya Mwarobaini

Ni wachache katika miji yetu ya pwani wasioujua uchungu wa mwarobaini. Mti huu asili yake ni Bara Hindi, na jina tuliloupa lasema kuwa hutibu maradhi arubaini. Lakini ni kitu gani ndani yake kiponyacho? Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za Mwislamu aliyelitafutia swali hilo jawabu.

Salimuzzaman Siddiqui alizaliwa mwaka 1897 katika wilaya ya Barabanki, karibu na Lucknow. Alisoma falsafa na Kiajemi katika Chuo cha Aligarh, akahitimu mwaka 1919. Kisha alisafiri Ulaya, akageukia ilimu ya kemia, na mwaka 1927 akapata shahada ya udaktari mjini Frankfurt, Ujerumani.

Aliporejea Delhi aliongoza uchunguzi katika Chuo cha Tibbia, kilichosimamishwa na tabibu mashuhuri Hakim Ajmal Khan. Mwaka 1931 alitoa kitu safi katika mizizi ya rauwolfia, ambayo matabibu wa India waliitumia tangu zamani. Alikiita ajmalini, kwa kumkumbuka Hakim huyo aliyekwisha fariki. Nacho kikaja kuwa dawa ya mapigo ya moyo yaliyoharibika. Mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi walitoa katika mizizi hiyo hiyo reserpini, dawa ya shinikizo la damu iliyoenea duniani. Basi mzizi ni mmoja, na kila aliyeuchunguza alipata fungu lake.

Mwaka 1942 aligeukia mwarobaini. Aliyayeyusha mafuta yake kwa viowevu mbalimbali, kimoja baada ya kingine, akapambanua vitu vitatu vichungu: nimbini, nimbinini na nimbidini. Hiyo nimbidini ilionekana kuwa na nguvu ya kupinga vijidudu vya maradhi. Hapo maneno ya wazee yakapata shahidi.

Mwaka 1951 alihamia Pakistan kwa mwito wa waziri mkuu Liaquat Ali Khan, akasimamisha baraza la uchunguzi wa sayansi la nchi hiyo. Mwaka 1961 alichaguliwa katika Royal Society ya London. Hata uzeeni hakuacha maabara. Alifariki Karachi mwaka 1994, umri wake miaka 96.

Ndugu zetu, mtu huyu hakuidharau tiba ya wazee, wala hakuipokea kwa kufumba macho. Aliipima. Nasi yatupasa tufahamu kuwa mafuta ya mwarobaini, ambayo wengi huyaona hayana madhara, yamepata kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa. Mwenye kumpa mtoto wake dawa asiyoijua kipimo chake hamtibu, bali ambahatisha. Tuwapeleke vijana wetu, wa kiume na wa kike, wakasome ilimu hii, ili miti iliyo nyuani kwetu ipate wa kuipima miongoni mwetu.